Muhtasari wa Kikao

Mimi ndiye niliyekuwa karani,
na sikumpigia kura.
Nasema mapema, msije mkadhani namsifu mtu wangu.
Yeye alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba,
nami nikatia tiki penye nyumba
nikaenda zangu kula ugali na mlenda, roho nyeupe.
Akashinda kwa kura arobaini na moja.

Donali Lafati, diwani wa Hogoro.
Jina lake kamili lilikuwa na herufi nyingi zinazokaa bure
kama waombolezaji wasiotaka kushika sepetu.
Mashine yangu ya chapa haikuwa na muda nazo.

Alikuja Kongwa na matrekta ya karanga,
fundi wa gia, kucha nyeusi.
Karanga zikagoma. Udongo ukawa sakafu.
Wenzake wakabeba masanduku,
yeye akabaki.
Ana deni dukani, walisema watu.
Ana mwanamke Mlali.
Alipoulizwa alijibu kwamba treni ilijaa.

Baada ya uhuru alipanga foleni bomani,
akaweka mezani pasi yenye picha ya kinubi
na kuomba ya kwetu.
Nikamwambia, hiki kinafanana na zeze.
Akaniuliza zeze hulia vipi likikatika uzi mmoja.
Sikuwa na fomu ya swali hilo.

Sasa, kikao cha Novemba.
Ajenda ya nne, ghala la akiba:
kila kaya debe moja la uwele.
Hakuna aliyetaka. Mwaka ule mvua ilikuwa nzuri,
na shibe haina masikio.
Yobu Sakalani akasimama,
shati limepigwa pasi hadi linakata:
"Bwana Mwenyekiti, mtu huyu alikuja na waliong'oa miti yetu.
Leo anataka na madebe?"
Wakacheka. Hata mimi, kalamu mkononi.

Lafati alisimama kwa shida; goti lake lilibaki kwenye trekta moja huko nyuma.
Kiswahili chake kilikuwa cha gereji,
ng'ombe akimwita "ngombe" hadi anakufa.
Akasema, ni kweli, miti niling'oa.
Akasema, kwetu viazi vilioza ardhini kwa usiku mmoja,
ukichimba unashika uji mweusi,
na wakati huohuo nafaka inapakiwa melini kwenda kwa wenye nchi.
Bibi yake bibi yangu alikutwa njiani
midomo ya kijani.
Alikuwa akila nyasi, waheshimiwa.
Alitaka kuendelea.

Nyuma kabisa, kwenye benchi la wasikilizaji,
mama Mbeleje, ambaye hakuwa na ruhusa ya kusema,
alisema:
"Mtunya. Sisi tulichemsha ngozi ya kulalia."
Basi.
Mwenyekiti hakugonga meza.
Nje punda alikuwa akijikuna kwenye nguzo ya bendera,
tuliisikia kamba ikipiga, ikipiga.

Sakalani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mwaka zilipovunjwa halmashauri
Lafati hakulalamika kwa mtu.
Alirudi kwenye pampu za visima,
akilipwa kuku, akilipwa ahadi.
Makaburini Hogoro wamemwandika vibaya,
herufi mbili zimepungua,
na kosa hilo ni langu, walinakili kwangu.

Jalada bado ninalo, mchwa wamekula pembe.
Nimelifungua leo kwa sababu mjukuu wangu ameniuliza
kama mgeni anaweza kutusemea.
Nimetafuta yale maneno, ya nyasi, ya ngozi.
Hayapo. Niliandika, kwa kanuni za uandishi:
"Mjumbe wa Hogoro alitoa mfano wa kwao.
Mwananchi mmoja alichangia.
Hoja ilipita."
Halafu nafasi, mstari mzima mtupu,
ambao karani mwangalifu kama mimi
hauachi kamwe.